Reli Zilizobaki Hewani: Hotuba Kuhusu Kitabu cha Mwisho cha Mchungaji Awdry

Walimu, wakutubi, waandishi wa vitabu vya watoto, na ninyi mliokuja kwa ajili ya reli tu: habari za jioni, na karibuni.

Ukiuliza kitabu cha mwisho cha The Railway Series, mfululizo wa Thomas na wenzake, injini za mvuke zinazozungumza, ni kipi, utapewa majibu mawili, na yote mawili ni sahihi. Mfululizo alioanzisha Mchungaji Wilbert Awdry wa Uingereza una vitabu 42. Cha kwanza kilitoka 1945, cha 42 kikatoka 2011. Lakini Awdry mwenyewe aliandika 26 tu. Cha 26 kinaitwa Tramway Engines, kilitoka 1972, na baada yake akaweka kalamu chini. Vile 16 vilivyobaki ni vya mwanawe, Christopher. Mkusanyaji wa vitabu atakutajia cha 2011. Mimi leo nakaa na cha 1972, kwa sababu ndani ya kitabu hicho unaona waziwazi kwa nini mwandishi hakuweza kuendelea.

Habari za chanzo chake wengi mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Awdry alizaliwa 1911, akakulia sehemu za Box, Wiltshire, karibu na mlima ambao treni za mizigo zilipanda usiku zikisukumwa na injini ya msaada kwa nyuma. Mtoto kitandani alisikia injini mbili zikipokezana pumzi, akazisikia kama zinajibizana. Alipokuwa kasisi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanawe aliugua surua, naye akamtungia hadithi za kumtuliza. Mkewe, Margaret, ndiye aliyemsukuma azipeleke kwa mchapishaji. Basi.

Jambo lenye uzito ni sharti alilojiwekea. Injini zinaweza kusema, kununa, kujisifu na kutaniana. Ila chochote kinachozipata lazima kiwe kimewahi kuipata injini fulani, kwenye reli fulani, mahali fulani. Uchawi uko mdomoni tu. Magurudumu yanafuata sheria za chuma.

Tazama mifano ya mwanzoni. Katika kitabu cha 1949, Thomas anajazwa maji ya mto kwa ndoo kwa sababu bomba la stesheni limeharibika. Samaki wanaingia tangini, wanavutwa kwenye mirija inayopeleka maji kwenye boila, wanaziba. Mtoto anacheka. Fundi hacheki: boila isiyopata maji mapya huku moto unawaka, kina cha maji kikishuka chini ya dari la tanuri, chuma kinalainika na boila inaweza kupasuka. Ndiyo maana dereva wa Thomas anautupa moto nje kwanza, mambo ya samaki baadaye. Huo ndio utaratibu halisi.

Au Henry, 1951. Henry hana nguvu, na sababu si uvivu. Tanuri lake ni dogo mno kwa makaa hafifu. Makaa ya Wales yanatoa joto jingi kwa kila koleo, kwa hiyo hata tanuri dogo linatosha. Ukimpa makaa mengine mvuke unamwishia njiani. Halafu anapata ajali usiku wa theluji akiwa na treni ya samaki. Theluji imeulemea mkono wa ishara na kuushusha, na katika ishara za aina hiyo mkono ulioshuka maana yake ni "pita". Januari 1876 huko Abbots Ripton, Uingereza, theluji iligandisha ishara zikabaki zinaonyesha "pita", na watu wakafa. Baada ya hapo kampuni ya reli hiyo ilibadili muundo wa ishara zake ili theluji isiweze kuuzuia mkono, na ikaamuru kwamba hali ya kawaida ya ishara iwe "simama". Ajali ya Henry pia iliondoa tatizo lililomkera mwandishi. Mchoraji wa wakati huo, C. Reginald Dalby, alikuwa akimchora Henry na injini mwenzake Gordon wakifanana mno, msomaji hajui yupi ni yupi. Awdry akampeleka Henry karakana ya Crewe, akarudi ana umbo jipya na tanuri kubwa. Ugomvi wa picha ukatatuliwa kwa kazi ya gereji.

Sasa twende kwenye Tramway Engines.

Kitabu kina hadithi nne, zote kwenye tawi la reli la Thomas, Percy na Toby, linaloishia kwenye machimbo ya mawe. Ili kukielewa ni lazima umjue Toby, na ili kumjua Toby ni lazima ujue sheria ya tramu. Reli ya kawaida Uingereza ina uzio pande zote. Tramu ya mvuke ilipita kando ya barabara au juu yake, bila uzio, katikati ya ng'ombe, mikokoteni na watoto. Kwa hiyo sheria ilidai injini ifunikwe mabamba pembeni, nguo ya mtu au mguu wa mnyama usinaswe na magurudumu na fimbo za pistoni, na mbele iwe na chuma cha kusukumia wanyama nje ya njia. Katika kitabu cha 1952 Thomas anakamatwa na polisi kwa kukosa vitu hivyo viwili, na ndiyo sababu Toby anaajiriwa.

Toby ametoka kwenye injini halisi. Reli ya Great Eastern iliunda 12 za aina hiyo kati ya 1903 na 1921, zikiwa na bodi ya mbao kiasi kwamba kwa mbali unadhani ni behewa la gadi, yule msimamizi wa treni. Zilifanya kazi kwenye tramu ya Wisbech na Upwell, mashariki mwa Uingereza, zikibeba matunda na mboga za wakulima. Awdry alihamia Emneth, jirani na Wisbech, mwaka 1953. Injini za mvuke zilikuwa zimeondolewa hapo mwaka mmoja kabla, nafasi yake ikachukuliwa na dizeli ndogo, nazo zikavalishwa mabamba yaleyale na chuma kilekile cha mbele. Tramu yenyewe ilifungwa 1966. Kwa hiyo Mavis, dizeli ya machimbo anayetokea mara ya kwanza katika kitabu hiki akiwa na mabamba pembeni, ni picha ya mashine iliyomwondoa Toby kazini. Mwandishi mwingine angemfanya adui. Awdry amemfanya kijana mjuaji asiyetaka kuelekezwa na mzee, na kila kinachomharibikia Mavis kinatokana na kutojua tabia ya mabehewa.

Hadithi ya kwanza ni ya mzuka. Percy anagonga mkokoteni wa chokaa kwenye kivuko cha barabara, anatoka mweupe kuanzia bafa, vile vizuia-mgongano vya mbele, hadi dohani, na Thomas aliyekuwa akidhihaki habari za mizuka anatiwa hofu. Ni hadithi nyepesi, tusiichimbe sana. Angalia tu kwamba Percy hakuweza kusimama kwa wakati. Chuma juu ya chuma hakikamati kama mpira juu ya lami, ingawa magurudumu ya chuma huzunguka kwa ukinzani mdogo, na hilo ndilo linaloiwezesha injini ndogo kuvuta mzigo mkubwa. Bei yake unailipa siku ya kufunga breki. Na chokaa ya unga hung'ang'ania injini vizuri kwa sababu injini inayotunzwa imepakwa mafuta kila mahali.

Ya pili ni ya kiwavi, na nyuma yake kuna kisa ambacho mtoto hawezi kukijua. Mwaka 1956 Awdry alimlalamikia Dalby kwamba Percy anavyochorwa anafanana na kiwavi wa kijani mwenye mistari myekundu. Dalby alichukia, akaacha kazi. Vitabu vilivyofuata vikachorwa na John Kenney, kisha Gunvor na Peter Edwards, ambao ndio waliochora hiki. Miaka 16 baada ya ugomvi ule, katika kitabu chake cha mwisho, Awdry anamweka Thomas amwite Percy maneno yaleyale: kiwavi wa kijani mwenye mistari myekundu! Percy anaishia kwenye nyasi kavu, anarudi amezibeba mwilini, naye Thomas anampandisha cheo: sasa ni kiwavi mwenye manyoya. Sijui kama huo ni utani wa upatanisho au kisasi cha kasisi. Ni utani mzuri, lakini.

Nyasi zenyewe zina maana yake. Injini ya mvuke hutoa cheche kupitia dohani, hasa inapopanda mlima. Nyasi zilizokauka kando ya njia zinashika moto, na moto unahamia shamba la mtu. Kwa hiyo magenge ya reli yalifyeka kingo kila kiangazi. Nyasi zikifyekwa hazitupwi, zinakuwa chakula cha mifugo wakati wa baridi. Dizeli zilipoingia cheche zikaisha, na ufyekaji ukalegezwa. Leo ukiziona picha za reli za Uingereza utaona miti imeota hadi karibu na njia. Zamani hapakuwa hivyo.

Nimefika kwenye hadithi ya tatu na ya nne, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hizi mbili ni za mabehewa, na mabehewa ndiyo uti wa mgongo wa mfululizo huu wote.

Behewa la kawaida la mizigo la Uingereza la wakati ule halikuwa na breki inayoongozwa na dereva. Lilikuwa na wenzo pembeni, unaofungwa kwa mkono na mtu aliyesimama chini. Mabehewa yaliunganishwa kwa mnyororo wa pete tatu, umelegea, na kila behewa lilikuwa na bafa zake za springi. Ulegevu huo una faida: injini inapoanza kuvuta haivuti mzigo wote kwa pamoja, inaondoa behewa la kwanza, mnyororo unakazika, linafuata la pili, la tatu. Ukisikiliza unasikia ka-ka-ka-ka hadi mwisho wa treni. Hasara yake ni kwamba ukifunga breki ghafla mabehewa yote yanakuja mbele, moja linamgonga mwenzake, na kishindo chote kinamwishia injini mgongoni. Awdry alisikia sauti hiyo, akaipa tabia. Mabehewa yake ni watundu wanaosukuma makusudi, na hakuna alichoongeza isipokuwa hayo makusudi.

Mavis anakwama siku ya baridi kali kwenye kivuko cha barabara, nyuma yake mabehewa, kulia na kushoto malori yanayopiga honi. Ukitaka kujua kwa nini, angalia mambo mawili. Grisi kwenye visanduku vya ekseli inaganda baridini, behewa lililolala nje usiku kucha linakuwa zito kuanza kuliko lililotoka kutembea. Halafu kwenye kivuko, ile mifereji ambamo kingo za magurudumu hupita inajaa maji na matope, yanaganda kuwa barafu, magurudumu yanapanda juu ya barafu badala ya kukamata reli. Dizeli mpya inayojiamini inaongeza nguvu. Magurudumu yanazunguka pale pale. Hapo unahitaji mchanga chini ya magurudumu na mkono wa taratibu. Toby anayajua hayo kwa sababu ni mzee wa njia ile.

Hadithi ya nne ndiyo ya mwisho kabisa kuandikwa na Awdry katika mfululizo. Mavis amewekewa mpaka wa kufika, naye anataka kuuvuka. Anapanga na mabehewa: yamsukume Toby. Lakini kipindi hicho theluji inayeyuka, kijito kimefurika, na daraja lililo mbele limechukuliwa na maji. Toby anasukumwa mpaka juu ya pengo. Chini hakuna daraja, zipo reli tu, naye amesimama juu yake kama mchezasarakasi juu ya kamba.

Tufanye hesabu. Behewa la wakati ule lilibeba tani 10 hivi, na lenyewe tupu lilikuwa na tani 6 hivi. Mabehewa 10 ya mawe, tani 160. Mpe Toby uzito wa ndugu zake wa Wisbech, tani 27. Treni nzima, 187. Sasa weka mteremko wa 1 kwa 40, yaani ukienda mita 40 unashuka mita 1. Mvuto kuelekea bondeni ni 187 kugawanya kwa 40, kama tani 4.7. Toa tani 0.9 hivi kwa ukinzani wa magurudumu kuzunguka. Imebaki 3.8 ambayo breki za Toby peke yake zizuie. Reli ikiwa kavu, magurudumu yake yanaweza kukamata robo ya uzito wake, tani 6.75, anasimama bila jasho. Reli ikiwa imelowa, chukua asilimia 15: tani 4. Bado anashika, kwa kubahatisha. Reli ikiwa na matope ya theluji inayoyeyuka, asilimia 10: tani 2.7. Hapo hasimami. Magurudumu yanajifunga, yanateleza, na treni inaendelea kushuka na dereva wake.

Ndiyo sababu ya kanuni ya reli za milimani: unasimama juu ya mteremko, gadi anashuka, anapita behewa kwa behewa akibana wenzo wa breki, unateremka ukiwa unavuta dhidi ya breki hizo, na ukifika chini anazifungua tena. Ukisukumwa kabla kazi hiyo haijafanyika, hesabu niliyowapa ndiyo inayokuhusu.

Na reli kubaki hewani? Wasikilizaji kutoka Kilosa na Gulwe hawahitaji kuelezwa. Kwenye Reli ya Kati, sehemu ile ambako mto Mkondoa umekula tuta mara nyingi, picha za reli na mataruma yakining'inia juu ya maji si ajabu. Maji hayavunji reli. Yanachimba udongo chini ya msingi wa daraja au tuta. Jengo linakwenda, lakini reli zimefungwa bolti kipande kwa kipande na zimeshikana kupitia mataruma, zinabaki kama ngazi iliyolazwa. Ila kubeba injini juu yake ni jambo jingine. Tani 27 juu ya pengo fupi, kwa muda mfupi, injini ikiwa imeshikiliwa na uzito wa mabehewa nyuma, mtu anaweza kulikubali. Angekuwa Gordon, mwenye zaidi ya tani 90 hata bila behewa lake la makaa, tungekuwa tunasoma hadithi ya mazishi. Kwa maoni yangu hapa Awdry amelifikisha sharti lake ukingoni kabisa. Mguu mmoja zaidi angeanguka yeye pamoja na Toby. Mavis, aliyeanzisha balaa, ndiye anayemvuta nyuma.

Kwa nini aliachia hapo? Alisema mawazo yamemwishia. Namwamini, ila naongeza tarehe moja: Agosti 1968 reli ya taifa ya Uingereza iliacha kutumia mvuke kwenye njia zake kuu. Mtu anayetunga tu angeendelea hadi uzeeni. Mtu anayesubiri jambo litokee kwanza kwenye reli halisi alikuwa amefungiwa bomba. Zilibaki reli ndogo zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, kama Talyllyn huko Wales, ambako yeye mwenyewe aliwahi kuwa gadi akaiondoa treni na kumwacha stesheni mama muuza chai. Kisa hicho pia kiliingia kitabuni.

Na msimamo wake haukulegea na umri. Miaka ya mwanzo ya 1990 watengenezaji wa kipindi cha televisheni kilichotokana na vitabu hivi walimwonyesha Henry akisimama msituni kufurahia miti. Awdry alikasirika: treni iliyosimama njiani, kwa Kanuni ya 55 ya reli za Uingereza za zamani, mfanyakazi wake alitakiwa aende kumwarifu mtu wa ishara, treni nyingine isije ikaiparamia. Alifariki 1997. Nimefikiri mara nyingi angesema nini kuhusu Nia, injini ya kike kutoka Kenya aliyeingia kwenye kipindi hicho 2018. Nia ametolewa kwenye injini za daraja ED1 za Reli ya Kenya na Uganda, na jina lake kila mtu humu ukumbini analielewa. Tatizo ni kwamba ED1 ilijengewa reli ya upana wa mita 1, na reli za Thomas ni milimita 1,435. Magurudumu yanapungukiwa milimita 435. Mzee angeandika barua.

Christopher Awdry aliichukua kalamu 1983, akachora naye Clive Spong. Alitoa vitabu karibu kila mwaka hadi 1996, kikafuata kimya cha miaka 11, kimoja 2007, na cha 42 mwaka 2011, mwaka ambao baba yake angetimiza miaka 100.

Walimu waliuliza kabla hatujaanza jinsi ya kukisoma Tramway Engines darasani. Anzeni na hadithi ya tatu, siyo ya kwanza. Bila kuyajua mabehewa, ya nne inakuwa ajali tu. Leteni viberiti kumi vilivyofungwa kwa uzi uliolegea, kila kimoja na kokoto ndani, na ubao ulioinuliwa upande mmoja. Watoto wavivute kwanza kupanda, wasikie uzi unavyokazika kimoja kimoja. Kisha waviache vishuke huku mtoto mmoja amezuia cha mbele kwa kidole. Ubao uwe mkavu mara ya kwanza, mara ya pili upakwe sabuni. Ndipo msome hadi pale Toby anaposukumwa, mfunge kitabu, na muulize: ni nani aliyetakiwa kushuka kufunga breki, na angeshukia wapi?